Mwili mdogo, mifupa mikubwa: mwongozo wa upasuaji wa mifupa kwa asiye na misuli

Mguu mmoja wa mtu mzima, kuanzia nyonga hadi vidole, ni karibu sehemu ya sita ya uzito wake. Mgonjwa wa kilo 90 ana mguu wa kilo 15, na mguu huo hauna mpini. Mimi nina sentimita 152 na kilo 48, tena siku niliyokula vizuri. Mwezi wangu wa kwanza thieta, yaani chumba cha upasuaji, ya mifupa nilipewa kazi anayopewa kila mgeni: kuinua mguu na kuushikilia wakati mwenzangu anaupaka dawa. Dakika ya pili mikono ikaanza kutetemeka. Ya tatu kisigino kikashuka, kikagusa shuka lisilo safi, kazi ikaanza upya. Bosi hakugomba. Alisema tu, "Daktari, idara hii ni ya watu wa nguvu," akaagiza aitwe mhudumu wa kiume.

Baadaye sista aliyekuwa akipanga vyombo, mama wa makamo ambaye ameona wengi wakija na kuondoka, alinivuta kando. "Mwanangu, nani kakufundisha kunyoosha mikono namna ile? Mtoto unambeba hivyo?"

Nilijaribu kwa mgonjwa aliyefuata. Viwiko vikabana mbavuni, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, kisigino cha mgonjwa karibu na kifua changu. Mguu haukuwa mwepesi zaidi, ila mikono haikutetemeka tena. Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na yote utakayosoma hapa chini yametoka humo: nikijikuta natumia nguvu nyingi, nasimamisha kazi na kutafuta kosa. Usingizi haujakolea, meza iko juu, chombo ni butu, au nimesimama pabaya.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa udaktari, intani na registra wanaopenda mifupa lakini wameambiwa miili yao haitoshi. Kama wewe si mtabibu, soma kwa kujifunza tu. Kiungo kilichotoka hakivutwi nyumbani.

Kuhusu ule utani

Hospitali za Uingereza zina utani wa zamani kwamba daktari wa mifupa ana nguvu za maksai na akili nusu yake. Mwaka 2011 madaktari fulani waliupima utani huo, na majibu yao yakatoka katika toleo la Krismasi la jarida la BMJ. Walilinganisha madaktari wa mifupa na wale wa usingizi, wote wanaume, kwa nguvu ya kubana mkono na kwa mtihani wa akili. Wa mifupa walibana wastani wa kilo 47, wa usingizi kilo 44 hivi, na kwenye akili wa mifupa wakaongoza pia. Utafiti wenyewe ulifanywa kwa kucheka, lakini mimi huitazama ile tofauti: haifiki pakiti mbili za unga wa kilo mbili mbili. Hiyo ndiyo inayotutisha?

Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kabla ya dawa ya usingizi kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, misuli ya mgonjwa ilikuwa macho na inapigana na anayevuta, kwa hiyo mshindi alikuwa mwenye kifua kipana. Hata hivyo mwunga mifupa aliyetajika sana Uingereza miaka ya 1730 alikuwa mwanamke, Sarah Mapp wa Epsom, mwenye mwili mkubwa na mikono ya nguvu. Upande wa pili yuko Hugh Owen Thomas wa Liverpool, mtoto wa ukoo wa waunga mifupa wa Wales, mtu mfupi na dhaifu wa mwili. Huyu alitengeneza gango la chuma la kuvuta paja, ambalo katika Vita vya Kwanza vya Dunia liliokoa askari wengi waliovunjika fupa la paja. Chuma kilivuta kwa niaba yake usiku kucha na hakikuchoka.

Hatua ya 1: Panga kimo kabla ya kunawa

Kosa la kwanza la mtu mfupi ni kuona haya. Anaingia thieta, anakuta meza imepangwa kwa kimo cha bosi, ananyamaza, kisha kwa saa tatu anafanya kazi mabega yakiwa masikioni. Mkono ulioinuka juu ya kiwiko hauna nguvu, hata uwe mkono wa bondia.

Kazi ya vidole, kama kushona au kuchambua mishipa, inataka meza iwe usawa wa kiwiko au juu kidogo. Kazi ya kusukuma, kugonga na kuzungusha inataka ishuke, sentimita 10 hadi 20 chini ya kiwiko, ili uzito wa kifua ushuke pamoja na mkono. Kwa hiyo meza haipangwi mara moja. Omba ishushwe unapofika kwenye nyundo, ipandishwe unaporudi kwenye uzi. Mtu wa usingizi ataguna kidogo, kisha atazoea.

Kama bosi ni mrefu, usimwinamishe mgongo wake kwa ajili yako. Meza ipangwe kwa kimo cha mrefu kuliko wote, wafupi wapande stuli. Stuli nayo ina masharti. Iwe pana kutosha miguu miwili kusogea, au ziwekwe mbili zikigusana, maana utasogea kando bila kutazama chini. Pedali ya mashine ya kuchoma mishipa ya damu ipandishwe juu ya stuli, isibaki sakafuni. Na mwambie sista kabla hujanawa, si baada.

Hatua ya 2: Glavu na aproni

Glavu kubwa hula nguvu. Kila unapobana, mpira unateleza kwanza kabla kidole hakijashika. Stoo nyingi zina namba 7 hadi 8 kwa wingi na 6 kwa bahati, kwa hiyo ulizia siku moja kabla. Nimewahi kuvaa saba na nusu kwenye upasuaji wa kiwiko. Ilikuwa kama kula ugali na soksi mkononi.

Aproni ya madini ya risasi kwa ajili ya eksirei ina uzito wa kilo kadhaa. Ile ya kipande kimoja huutupia mabegani wote. Ya vipande viwili, kizibao na sketi, huuhamishia nusu kiunoni, hasa ukifunga mkanda kwa nguvu juu ya mifupa ya nyonga. Jambo ambalo wengi hawaambiwi: aproni kubwa kuliko wewe huacha uwazi mpana kwapani, na mionzi hupitia hapo hadi upande wa titi. Tafuta inayokubana, au yenye kipande cha kufunika kwapa.

Hatua ya 3: Kurudisha kiungo kilichotoka

Hapa ndipo watu husema "subiri aje mwanaume". Na hapa ndipo nguvu inapohitajika kidogo kuliko wanavyodhani, kwa sababu adui si mfupa, ni misuli iliyokaza kwa maumivu. Misuli ikilala, kiungo hurudi karibu kwa hiari. Kwa hiyo dawa ya maumivu na usingizi mzuri ni nusu ya kazi, wakati mwingine zaidi. Ukiwa na mashaka kama mgonjwa amelegea vya kutosha, bado hajalegea.

Kabla ya lolote, eksirei. Kisha pima mapigo ya damu na mishipa ya fahamu, uandike ulichokiona. Baada ya kurudisha, unapima tena.

Bega. Acha mvutano wa dunia ukufanyie kazi. Mlaze mgonjwa kifudifudi, mkono uliotoka uning'inie pembeni ya kitanda, kisha funga uzito kwenye kifundo cha mkono kwa bendeji ya krepu. Uzito si lazima uwe wa duka: mfuko wa maji ya dripu wa lita moja ni kilo moja, anza na miwili au mitatu, usizidi mitano. Usimpe mgonjwa aushike kwa vidole. Akishika anakaza, na akikaza umeanza vita upya. Subiri dakika 15 hadi 20. Wewe kaa naye, mwambie apumue taratibu, ukiona halijaingia zungusha mkono polepole kwa nje. Njia hii ilielezwa na Lewis Stimson wa New York zaidi ya miaka mia iliyopita, na tangu niijue kilo zangu 48 hazijawahi kuwa kikwazo kwenye bega.

Kifundo cha mkono kilichovunjika kwa kuangukia kiganja hufuata wazo hilohilo. Piga ganzi mahali palipovunjika, ning'iniza vidole kwenye stendi ya dripu, kiwiko kikunjwe, uzito mdogo uning'inie juu ya kiwiko. Ukirudi baada ya dakika kama kumi, mfupa umeshajivuta wenyewe, umebaki kuukandamiza mahali pake na kufunga POP, ile plasta ngumu.

Nyonga. Hii ndiyo yenyewe. Mgonjwa kapigwa na dashibodi ya gari, goti limekunjwa na kuelekea ndani, mguu umefupika. Lengo ni kuirudisha ndani ya saa sita, maana kichwa cha fupa la paja kinakosa damu. Njia ya zamani ni kupanda kitandani, kuchuchumaa juu ya mgonjwa na kuvuta kwa mgongo. Inafanya kazi, ila mara mbili nilikaribia kuanguka, na mgongo wangu ulilalamika wiki nzima. Sasa natumia njia iliyoandikwa na madaktari wa dharura wa Marekani mwaka 2011, wakaiita Captain Morgan kwa sababu mkao wake unafanana na yule mtu wa kwenye chupa ya pombe anayeweka mguu juu ya pipa.

Soma eksirei kwa makini kwanza. Kama shingo ya fupa la paja ina ufa, usiguse, peleka thieta. Kama haina, mlaze chali kwenye ubao mgumu na ufunge nyonga zake kitandani kwa shuka lililokunjwa. Shuka likilegea utainua mgonjwa mzima badala ya paja. Kunja nyonga na goti, kila kimoja pembe mraba. Weka unyayo wako kitandani, goti lako likae chini ya goti lake. Hapa mtu mfupi hukwama: paja lake ni refu kuliko muundi wako, goti lako halifiki. Usijinyooshe kwa kidole. Weka kitu kigumu chini ya unyayo wako, mimi hutumia kipande cha ubao kilichofungwa taulo, na ushushe kitanda hadi mguu wako wa chini usimame imara. Mtu mmoja asimame nyuma yako, maana umebaki na mguu mmoja sakafuni.

Mkono mmoja ushike kifundo cha mguu wake kulinda ile pembe ya goti, bila kukigandamiza kwa nguvu chini, utaumiza kano za goti. Mkono wa pili uwe chini ya paja. Kisha inua kisigino chako, kama unavyofikia sahani ya kabati la juu. Basi. Msuli wa shavu la mguu unabeba mwili wako wote kila hatua unayotembea, hivyo hata mimi nina zaidi ya kilo 40 za kuinua kwa mguu mmoja, bila kugusa mgongo wala bega. Inua, shikilia, zungusha paja kidogo ndani na nje, subiri. Usirushe. Unapoingia mfupa huusikia kwenye goti lako kabla ya masikio, mtikisiko mzito kama mlango wa friji unaojifunga.

Nyoosha, linganisha urefu wa miguu, mwambie avute unyayo juu akiamka, piga eksirei tena. Majaribio mawili mazuri yakishindikana, acha. Huenda kipande cha mfupa kimenasa ndani, na hapo nguvu ya ziada itavunja kitu.

Hatua ya 4: Fupa la paja lililokaa wiki tatu

Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa paja, bodaboda nyingi humo, hufika thieta wakiwa wamechelewa, wengine wamepitia kwa mwunga mifupa kijijini. Misuli imeshafupika, mfupa umepandana sentimita nne. Hakuna mtu, hata mnyanyua vyuma, atakayeuvuta huo kwa mikono na kuushikilia nusu saa.

Anza wodini. Pini ya kuvutia chini ya goti na uzito wa karibu moja ya kumi ya uzito wa mgonjwa, ukivuta usiku na mchana, hulegeza kile ambacho wewe ungekipigania mezani. Hakikisha kila asubuhi kwamba mawe hayajagusa sakafu na kamba haijakwama kwenye chuma cha kitanda. Nimekuta uzito umelala chini siku mbili, kila mtu akidhani unavuta.

Thietani, omba usingizi wenye dawa ya kulegeza misuli na uulize kama imeshika kabla ya kuvuta. Kama kuna meza ya kuvutia, itumie. Kama hakuna, funga distrakta: pini nene moja kila upande wa palipovunjika, na fimbo yenye nati katikati. Nati moja ya spana inavuta kuliko wanaume wawili, na huvuta kwa milimita. Nenda polepole, mshipa mkubwa wa fahamu wa nyuma ya paja haupendi haraka. Fremu ya nje ya kawaida inaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Ukishafungua kidonda usivute hata kidogo kama unaweza kuinua kwa wenzo. Ingiza chombo bapa katikati ya ncha mbili zilizopandana, egemeza kwenye ncha moja, nyanyua nyingine. Ncha laini ya mzee itavunjika, kwa hiyo sikiliza mkono.

Hatua ya 5: Kutoboa, kupanua, kugonga

Drili butu ndiyo mwizi mkubwa wa nguvu. Unasukuma zaidi, mfupa unapata moto, na mfupa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa. Kisha skrubu hulegea wiki zijazo na lawama inakuangukia wewe. Tumia ncha kali, mwagia maji ya chumvi, acha mzunguko ukate. Ukitaka kujua kama ncha ni kali, tazama mabaki: kali hutoa nyuzi nyeupe zilizojikunja, butu hutoa unga.

Msumari wa SIGN, fimbo ya chuma inayoingizwa ndani ya mfupa, uliobuniwa na shirika lililoanzishwa na Dkt. Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, mwaka 1999, unatumika hospitali nyingi za kwetu, Taasisi ya Mifupa MOI Dar es Salaam ikiwemo, kwa sababu hauhitaji eksirei ya thieta. Tundu la uboho hupanuliwa kwa mkono, na hapo wadogo hukata tamaa. Simama ili kigasha chako kiwe mstari mmoja na mfupa. Bana viwiko. Zungusha kwa kiuno, si kwa kifundo cha mkono. Zungusha kwa mwelekeo wa saa tu, hata unapotoa, kwani ukigeuza unaweza kunasa. Panda namba moja moja, futa mabaki kila unapotoa. Anayeruka namba ili amalize haraka ndiye utakayemwona ananing'inia kwenye mpini.

Msumari ukigoma, usiongeze nyundo. Toa, panua tena. Misumari mingi hutaka tundu lizidi kwa milimita 1 hadi 1.5.

Nyundo yenyewe shika mwisho wa mpini. Wenye hofu hushika karibu na kichwa na kugonga kama wanabisha hodi. Chagua nyundo nzito kuliko unayoitamani, inue kwa kiwiko, kisha iache ishuke kwa uzito wake. Pigo zito moja lina faida kuliko madogo kumi. Na sikiliza: chombo kinapokaa vizuri sauti hupanda na kuwa kavu. Ikibadilika ghafla kuwa nzito, simama, huenda kuna ufa.

Hatua ya 6: Mwili wenyewe

Sitadanganya kwamba nguvu haina kazi. Inasaidia, na hupatikana bila jimu. Beba ndoo mbili za lita kumi kumi, mgongo umenyooka, tembea hadi vidole vilie. Ning'inia kwenye tawi au chuma. Chuchumaa na usimame na mtoto mgongoni kama unaye. Panda kwa vidole vya mguu ngazini, ukikumbuka ile nyonga. Mara tatu kwa wiki, nusu saa. Na ule kabla ya thieta ndefu. Mikono inayotetemeka saa nane mchana mara nyingi ina njaa tu.

Ukiulizwa kwenye usaili kama utaweza, usijibu kwa moyo, jibu kwa kazi: eleza unavyorudisha nyonga ya mtu wa kilo 100. Mwanamke wa kwanza kuthibitishwa na bodi ya mifupa ya Marekani, Ruth Jackson, alipata cheti chake mwaka 1937, na hadi leo wanawake huko hawajafika mmoja kwa kila kumi katika fani hii. Swali hilo utalisikia tena.

Na nunua stuli yako. Fundi wa vyuma atakutengenezea fremu ya chuma yenye mpira juu, urefu wa sentimita 15, upana wa futi mbili, inayooshwa kwa dawa. Andika jina lako chini kwa rangi ya kudumu, maana stuli nzuri thietani hutembea. Yangu ya kwanza niliikuta kwenye chumba cha wanawake na uzazi, ameisimamia profesa mrefu kuliko mimi.